Maswali ya Wasomaji: Vinundu vya Vifundoni na Dawa Inayoitwa ya Ukoma

Katika toleo lililopita tuligusia kwa ufupi barua ya msomaji wetu wa Moshi aliyeota vinundu mikononi, tukaahidi kuichapa pamoja na jibu lake. Kabla jibu halijakamilika zikaingia barua nyingine mbili kutoka Arusha, zote zikiuliza mambo yanayokaribiana na hilo. Tumeziweka pamoja, ingawa wenye barua huenda hawana ugonjwa mmoja, na hilo ni mojawapo ya mambo yatakayoelezwa hapa chini.

SWALI LA KWANZA

Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 43, ninauza ndizi na parachichi hapa Moshi. Miaka minne iliyopita niliota vinundu kwenye vifundo vya vidole vya mikono yote miwili, baadaye vikatokea viwikoni na magotini. Vilianza vikiwa laini, vyenye rangi ya zambarau iliyoiva, lakini sasa baadhi yake vimekuwa vigumu kama kokwa, na wakati wa baridi vinaniwaka moto. Wateja wameanza kuniwekea hela juu ya meza badala ya kunipa mkononi. Desemba tulipokwenda kuhesabiwa nyumbani kwa mume wangu, kata ya mbege ilipozunguka, mimi nililetewa kikombe changu cha plastiki.

Hospitalini walinikata kinyama, yaani kijipande cha ngozi cha kupimwa, wakaniambia kwamba nina ugonjwa adimu wa mishipa midogo ya damu ya kwenye ngozi. Jina lake nimelinakili kutoka kwenye cheti: erithema elevatumu diutinumu. Waliniandikia dapsoni, na ndani ya wiki mbili vinundu vipya vilianza kunywea. Vidonge vilipoisha nikaenda duka la dawa, na muuzaji akaniuliza mbele ya watu, “Mama, una ukoma?” Niliondoka bila dawa na sijarudi tena. Huu ni mwezi wa pili, na vinundu vimerudi. Naomba uniambie ukweli: je, nina ukoma ambao madaktari wananificha? Ninaweza kuwaambukiza wanangu? Na kama si ukoma, kwa nini nimepewa dawa ya ukoma?

JIBU

Marahaba, mama. Ugonjwa ulioandikwa kwenye cheti chako si ukoma, wala si ukoma uliopewa jina jingine ili usishtuke. Hauambukizi kwa kushikana mikono, kwa kupokezana hela, kwa kulala kitanda kimoja wala kwa kunywa kata moja ya mbege, kwa sababu hakuna kijidudu kinachoishi ndani ya vinundu hivyo cha kumhamia mtu mwingine.

Jina hilo refu limeunganishwa kutoka Kigiriki na Kilatini, na ukilifasiri neno kwa neno maana yake ni wekundu ulioinuka na unaodumu. Lilitolewa mwaka 1894 na madaktari wawili wa Uingereza, Radcliffe-Crocker na Williams. Walikuwa wakitazama ngozi nyeupe, ndiyo maana wakaona wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu huo hujificha, na mgonjwa huona rangi ya zambarau, hudhurungi au weusi unaopita weusi wa ngozi iliyozunguka, na vinundu vilivyokaa muda mrefu huweza kuwa na umanjano. Ninalitaja hili kwa sababu wagonjwa wengi wa huku kwetu huchelewa kutambuliwa kwa kuwa dalili zao hazifanani na picha zilizomo vitabuni. Mimi mwenyewe, kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, wagonjwa wa aina yako niliowaona hawazidi vidole vya mkono mmoja.

Sasa nieleze kinachotokea ndani ya ngozi. Wewe unaishi chini ya mlima, kwa hiyo bila shaka umeona mfongo unaoteremsha maji mashambani. Ukingo wa mfongo ukiliwa na maji, watu huuziba kwa mawe na udongo, msimu ujao unaliwa tena na kuzibwa tena, na baada ya miaka mingi mahali pale huwa na tuta kubwa gumu ambalo halikuwapo mwanzoni. Mishipa yako midogo ya damu inapitia jambo linalofanana na hilo. Askari wa kinga ya mwili, yaani kingamwili zilizokwisha kung'ang'ania kitu fulani kigeni, hukwama kwenye kuta za mishipa hiyo. Chembe nyeupe za damu za aina ya nyutrofili huitwa zije kusafisha, na katika kusafisha humwaga kemikali zinazoumiza ukuta wenyewe. Damu na majimaji huvuja kidogo, ngozi huvimba, na hapo ndipo kinundu kipya, laini na chenye rangi ya zambarau, huonekana. Mwili hukarabati, kisha hushambulia tena, hukarabati tena, na kila ukarabati huacha nyuzi za kovu zinazozunguka mshipa tabaka juu ya tabaka, mfano wa kitunguu kilichokatwa. Hicho ndicho kinundu kigumu kama kokwa ulichokieleza.

Kwa nini ugonjwa huu huchagua vifundo, viwiko, magoti na ile kano nene ya nyuma ya kisigino, ukaacha tumbo na kifua, bado hakujapatikana maelezo yanayotosheleza. Unachoweza kukiona mwenyewe ni kwamba hukaa pande zote mbili kwa ulinganifu, na kwamba wagonjwa wengi huona vinundu vikichachamaa wakati wa baridi, kama unavyoona wewe. Kwa kawaida huwapata watu wazima, hasa kati ya miaka 30 na 60.

Nije kwenye dapsoni, kwa sababu naona hapa ndipo ulipoumizwa.

Dapsoni ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1908 nchini Ujerumani, na wanakemia walioitengeneza hawakuwa wakitafuta dawa ya ukoma. Ni katika miaka ya 1940 ndipo ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa ukoma, na kwa miongo kadhaa ikawa karibu ndiyo dawa pekee waliyokuwa nayo, hadi vimelea vilipoanza kuizoea, na Shirika la Afya Duniani likashauri mwaka 1981 itolewe pamoja na dawa nyingine. Kwa historia hiyo, mtu yeyote mwenye umri wa kutosha katika nchi yetu anapoona kidonge hicho hukumbuka makazi ya wakoma. Lakini dapsoni ina kazi mbili zisizohusiana. Kazi ya kwanza ni kuwanyima bakteria uwezo wa kujitengenezea kirutubisho wanachokihitaji, na hiyo ndiyo inayowasaidia wenye ukoma. Kazi ya pili ni kuzituliza zile nyutrofili nilizozitaja, zisikimbilie mishipani kwa wingi na zisimwage kemikali zao kwa ukali. Wewe umepewa dapsoni kwa ajili ya kazi ya pili tu. Kidonge hicho hicho huandikiwa watu wenye magonjwa ya malengelenge yanayotokana na kinga ya mwili, na huandikiwa pia baadhi ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao miili yao haikubali septrini, ili kuwakinga na nimonia ya aina fulani. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayeitwa mkoma. Mtu anayepewa aspirini kwa ajili ya moyo hatuambii kwamba anaumwa kichwa.

Ukitaka kujihakikishia tofauti kwa macho yako, kumbuka kwamba ukoma ni ugonjwa wa neva kabla ya kuwa ugonjwa wa ngozi. Baka la ukoma mara nyingi hupoteza hisia, kiasi kwamba mgonjwa hagundui anapoungua kwa sufuria, na neva za kiwikoni au za nyuma ya goti huweza kuvimba zikashikika chini ya ngozi kama kamba. Vinundu vyako vinawaka na kuuma, maana yake hisia zipo. Hata hivyo, kuna aina ya ukoma yenye vinundu ambayo haipotezi hisia mapema, na ndiyo sababu daktari hakutegemea macho yake, akakukata kinyama. Kipande hicho kikiwekwa chini ya hadubini na kutiwa rangi maalumu, vimelea vya aina hiyo ya ukoma huonekana vikiwapo. Wewe umekwisha kupita mlango huo, na jibu limeandikwa kwenye cheti.

Niongeze jambo moja kwa ajili ya yule muuzaji wa dawa na wengine walio kama yeye. Hata kama ungekuwa na ukoma kweli, swali lile halikustahili kuulizwa kwa sauti mbele ya foleni. Ukoma hutibiwa bure katika nchi yetu, tiba yake huchukua miezi 6 au 12 kulingana na aina yake, na mgonjwa aliyeanza dawa huacha kuambukiza wengine mapema sana. Kinachobaki kikisambaa ni maneno.

Kwa hiyo rudi kwenye dawa, lakini usianze mwenyewe kwa vidonge vya kuazima. Rudi kwa daktari aliyekuandikia, umweleze waziwazi kwamba uliacha na sababu ya kuacha, kwa maana dapsoni ni dawa nzuri inayohitaji kuchungwa. Karibu kila anayeitumia hupoteza kiasi fulani cha chembe nyekundu za damu, kwa kuwa dawa huzifanya zizeeke upesi. Kwa walio wengi upungufu huo ni mdogo na mwili huufidia. Kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ambayo hurithiwa na si ngeni katika jamii zilizoishi na malaria vizazi kwa vizazi, chembe hizo huweza kupasuka kwa wingi ndani ya siku chache. Kipimo cha G6PD hufanywa mara moja, kabla ya kidonge cha kwanza, na majibu yake ni ya maisha. Kama ulipimwa mara ile, hakuna haja ya kurudia. Kama hukumbuki, uliza. Wingi wa damu na utendaji wa ini hupimwa mwanzoni, kisha mara kwa mara katika miezi mitatu ya kwanza, na baada ya hapo kwa kuachanisha zaidi.

Kuna dalili ambazo ukiziona utaacha dawa siku hiyo hiyo na kwenda hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki: mkojo kugeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kuhema ukipanda hata kilima kidogo ulichokuwa ukikipanda bila shida, midomo ya ndani na kucha kuwa na ubluu, homa na koo kuuma sana, au homa inayofuatana na upele mpya mwilini na macho kuwa ya manjano. Hili la mwisho hutokea zaidi katika wiki za mwanzo, kwa hiyo anayefikisha miezi mitatu salama anaweza kupumua. Mwambie daktari pia kama unatumia septrini au dawa za kifua kikuu, maana ya kwanza huongeza kiwango cha dapsoni mwilini na rifampisini, iliyo mojawapo ya hizo za kifua kikuu, hukipunguza.

Kuhusu muda, sitakudanganya. Vinundu vipya huitikia dapsoni haraka, kama ulivyoona, lakini dawa huuzuia ugonjwa bila kuung'oa, na ndiyo maana ulipoacha ulirudi. Kwa wagonjwa wengi ugonjwa hufifia wenyewe baada ya miaka mitano hadi kumi. Kwa baadhi hukaa zaidi ya hapo. Daktari hujaribu kukushusha hadi kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachotosha kuvituliza, na baada ya muda hujaribu kuiondoa ili kuona kama ugonjwa umekwisha kuondoka. Vile vilivyogeuka kokwa havitaitikia sana, kwa sababu ndani yake hakuna tena moto wa kuzimwa, limebaki kovu. Vinundu hivyo huchomwa sindano ya steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, ndani ya kinundu chenyewe, au hukatwa kimoja kimoja pale vinapozuia kukunja kidole au kushika kisu cha ndizi.

Lililobaki ni la nyumbani. Kikombe cha plastiki kililetwa na watu wasiojua, na huenda aliyekileta alidhani anakulinda wewe usione aibu. Ningependa uende kliniki inayofuata pamoja na mume wako, asikie kutoka kwa daktari mwenyewe, kisha Desemba ijayo yeye ndiye azungumze kwa wazee, kabla kata haijaanza kuzunguka. Neno la mtoto wa ukoo lina uzito ambao la mke, kwa bahati mbaya, hupunjwa.

SWALI LA PILI

Ninaandika kutoka Sakina, Arusha, kwa niaba ya baba yangu mwenye miaka 61. Ana kisukari. Ameota uvimbe viwikoni, magotini na nyuma ya visigino, na daktari anasema huenda ni ugonjwa wa mishipa ya damu ya ngozi kama ule wa mama wa Moshi, lakini anataka kwanza amkate kinyama na ampime damu ya mambo mengi, ikiwemo virusi vya UKIMWI. Wajomba wanapinga. Wanasema kwamba uvimbe ukiguswa na kisu huamka na kuwa saratani, na kwamba kipimo cha UKIMWI kwa mzee wa umri wake ni kumvunjia heshima. Mimi ni mwalimu, ninaamini hospitali, lakini sijui la kuwajibu.

JIBU

Mwalimu, anza kwa kuwaeleza wajomba ukubwa halisi wa kisu chenyewe, maana neno kukata huleta picha ya chumba cha upasuaji. Mzee atalala au ataketi kitandani akiwa macho. Ngozi itasafishwa, atachomwa sindano ya ganzi ambayo huuma kama mwiba kwa sekunde chache, kisha daktari atatumia kifaa chenye ncha ya duara, mara nyingi chenye upana wa milimita 4, yaani chini ya upana wa punje ya hindi, akizungushe kama anayetoboa na kutoa kijipande chenye umbo la kizibo kidogo. Hufungwa kwa uzi mmoja au miwili, hufunikwa, na mzee hurudi nyumbani kwa miguu yake. Nyuzi hutolewa baada ya siku kumi hadi kumi na nne, kwa kuwa ngozi ya viungo vya miguu na mikono hupona taratibu, na kwa mwenye kisukari haifai kuharakisha. Kama katika ukoo wenu kuna watu wenye makovu yanayokua, daktari aambiwe mapema, maana hilo ni tatizo la kweli ambalo kipande hicho kinaweza kuliacha.

Kuhusu kuamsha saratani, nadhani ninajua hofu hiyo ilikotoka. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakipelekwa hospitali uvimbe ukiwa umekwisha kuwa saratani iliyokomaa. Hukatwa kipande, jibu likaja, na baada ya miezi michache mgonjwa akafariki. Wanaobaki hukumbuka kisu kwa kuwa ndicho walichokiona, na saratani iliyotangulia hawakuiona. Kipande cha milimita 4 cha ngozi hakigeuzi uvimbe usio saratani kuwa saratani.

Na bila kipande hicho, daktari wa baba yako anabahatisha. Uvimbe wa mahali pale unaweza kuwa makovu yanayokua, mafuta yanayojikusanya chini ya ngozi kwa mtu mwenye kolesteroli nyingi, vinundu vya baridi yabisi, ukoma wa vinundu, au saratani ya Kaposi, ambayo rangi yake ya zambarau hufanana mno na ya ugonjwa huu. Dawa za magonjwa hayo hazikaribiani hata kidogo. Msisitizieni daktari jambo moja: achague kinundu kipya, ambacho bado ni laini na hakijafikisha wiki nyingi. Cha zamani kikikatwa, mtaalamu wa maabara ataona kovu tupu, ataandika kovu, na mtakuwa mmepoteza mwezi.

Vipimo vya damu vina sababu yake. Ugonjwa huu mara nyingi huja ukiwa umefuatana na jambo jingine linalosumbua kinga ya mwili, na wakati mwingine jambo hilo ndilo lenye hatari kuliko vinundu vyenyewe. Miongoni mwa yanayotafutwa ni maambukizi ya bakteria wa koo yaliyojirudia, homa ya ini aina ya B, kifua kikuu, kaswende na virusi vya UKIMWI. Magonjwa ya kinga kama baridi yabisi. Na, kwa mtu wa umri wa baba yako hasa, protini isiyo ya kawaida inayotengenezwa na seli za uboho, ambayo kwa baadhi huwa dalili ya mapema ya saratani ya uboho. Kipimo hicho cha protini si cha kila maabara, na huenda sampuli ikabidi ipelekwe mbali. Kifuatilieni, kwa sababu ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Protini hiyo huweza pia kuonekana miaka kadhaa baada ya vinundu, hivyo hata jibu likiwa zuri leo, kipimo kitarudiwa.

Wajomba waambiwe kwamba kipimo cha virusi vya UKIMWI hakimhukumu mzee. Daktari anataka kujua virusi hivyo vipo au havipo, kama anavyotaka kujua sukari, kwa kuwa jibu hubadilisha tiba. Majibu ni siri ya mzee mwenyewe. Hata wewe mwalimu hutaambiwa asipotaka.

Nina angalizo moja kuhusu kisukari. Baba yako akianzishwa dapsoni, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu kitasoma chini kuliko hali halisi, kwa kuwa kinategemea chembe nyekundu za damu, nazo chini ya dapsoni huishi muda mfupi na hazipati nafasi ya kushika sukari ya kutosha. Mzee ataonekana amejitahidi sana kumbe sukari iko palepale. Daktari wa kisukari na daktari wa ngozi mara nyingi hawakai jengo moja, kwa hiyo mtu wa kuwaunganisha ni wewe. Wakati huo, sukari ifuatiliwe kwa kile kipimo cha kuchoma kidole.

Na akipata jicho jekundu lenye maumivu, linaloogopa mwanga, msimpe dawa ya matone ya dukani. Ugonjwa huu mara chache huingia kwenye jicho, na jicho halisubiri rufaa ya wiki mbili.

Kwa upande wa huko Arusha, hospitali ya mkoa ya Mount Meru inaweza kuwaandikia rufaa. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho hufundisha matabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Chukueni vyeti vyote vya nyuma, hata vilivyochakaa, na mkiweza mpige picha za vinundu mara kwa mara kwa simu, mkiweka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Picha ya mwezi wa tatu ikiwekwa kando ya ya mwezi wa saba humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

SWALI LA TATU

Daktari, mimi ni dereva wa bodaboda Ngaramtoni. Nina uvimbe mdogo kwenye vifundo vya vidole, na Julai asubuhi unauma mpaka nashindwa kubana breki. Nimekuwa nikiuloweka kwenye maji ya moto yenye mwarobaini, na kupaka krimu ya tyubu niliyopewa na jamaa. Unapungua kidogo, kisha unarudi. Je, nami nina ugonjwa huo?

JIBU

Kwa barua siwezi kukuambia, kijana wangu, na anayekuambia kwa barua usimwamini. Vifundo vya dereva wa pikipiki vina sababu nyingi za kuvimba, kuanzia baridi yenyewe hadi kushika usukani saa kumi na mbili kwa siku. Nenda ukaonwe, na umwambie daktari kama uvimbe uko mikono yote miwili, kama unao pia viwikoni, na kama umewahi kuwa na koo linalorudiarudia.

Maji ya moto yaache, kwa kuwa huichubua ngozi bila kufika kwenye mishipa. Hiyo krimu ilete kliniki pamoja na tyubu yake. Nyingi kati ya zinazopokezanwa hivyo zina steroidi kali, zile zile zinazouzwa kichinichini kwa wanaotaka kujing'arisha, na zikipakwa kwa miezi hufanya ngozi ya kifundo kuwa nyembamba ikapasuka kwa jambo dogo. Unafuu wake wa muda pia humchanganya daktari, kwa hiyo ni vizuri uiache wiki chache kabla hujakatwa kinyama, kama itabidi ukatwe.

Wakati unasubiri, nunua glavu za sufu uvae ndani ya glavu za ngozi, hata kama wenzako wa kijiweni watakucheka.